Mifuko Juu ya Mafiga

Mwaka ule nilikuja Bunda kwa wiki mbili, nikakaa miaka mitatu. Mama alikuwa ameteleza bafuni kwake Butiama akavunjika nyonga, akahamishiwa Bunda, na kati ya watoto wake ni mimi tu ambaye sikuwa na mume, sikuwa na mwajiri wa kuombwa ruhusa, wala sikuwa na sababu ambayo ukoo ungekubali kuiita sababu. Kuandika riwaya si sababu. Kaka zangu waliniambia kwa upole kabisa kwamba kuandika kunawezekana popote, hata mtaani kwa Mama, Manyamanyama. Basi nikaandikia Manyamanyama, katika chumba chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, na sura ya nne ya riwaya yangu ikalala pale mezani kama mgonjwa wa pili.

Kazi ya mbegu niliipata kanisani. Mama mmoja wa kwaya alinidokeza kwamba kuna mtafiti Musoma anatafuta mtu mwenye macho mazuri na subira, na kwamba wenye macho wapo wengi. Mtafiti huyo tulimwita Profesa, ingawa mwenyewe alitukumbusha kila mara kwamba bado hajafika huko. Alizaliwa Murangi, akaenda kusoma mbali, na kila kiangazi alirudi kuchimba chini ya mwamba mmoja mkubwa juu ya Bukima, mahali ambapo wavuvi hujikinga mvua. Siku ya kwanza alinishusha ndani ya shimo lake, akanionyesha ukuta wake: udongo wa kijivu juu, mwekundu katikati, na chini kabisa tabaka jeusi, kama mgongo wa sufuria.

"Ukisimama kwenye udongo huu," alisema, akiligusa lile jeusi kwa ncha ya mwiko wake wa kuchimbia, "umesimama msituni."

Niligeuka kutazama. Mihogo, mawe, mbuzi wawili, na ziwa likimeremeta hadi macho yakauma. Hapakuwa na mti hata mmoja unaoweza kumfunika mtu. Profesa akacheka, akasema kila anayemleta hapa hugeuka hivyo hivyo.

Alinifundisha kazi yenyewe ufukweni Musoma, nyuma ya stoo aliyokuwa amepanga. Tulijaza maji kwenye pipa la bluu, tukamwaga udongo kutoka kwenye viroba vilivyoandikwa namba, tukakoroga kwa mkono, polepole, kama mtu anayeosha mchele asiotaka kuupoteza. Mawe yalizama. Udongo ukazama. Kisha vikaanza kupanda juu vitu vyeusi vidogo vidogo, vipande vya mkaa vilivyokuwa chini ya ardhi maelfu ya miaka, vikaelea mbele yetu vikizunguka bila haraka. Tulivichota kwa kuvimwaga juu ya kitambaa chepesi cha pazia, tukakusanya pembe nne za kitambaa, tukafunga kwa uzi pamoja na kikaratasi cha namba. Kila fundo likawa mfuko mdogo wa ukubwa wa ngumi.

Alinieleza jambo ambalo lilinikaa moyoni kuliko riwaya yoyote niliyokuwa naisoma wakati ule. Mmea ulioliwa umepotea. Uliooza umepotea. Kinachobaki ni kile kilichomponyoka mtu mkononi kikaangukia pembeni mwa moto, pale ambapo moto hauna nguvu ya kukifanya jivu. Kila tunachojua kuhusu chakula cha watu wa msitu ule tumekijua kwa sababu ya uzembe mdogo wa mtu jikoni.

Nyumbani nilikaa na hadubini aliyoniazima mbele ya dirisha, kisahani cheupe chini yake, na brashi ndogo ya kupaka wanja mkononi. Nilitenganisha mkaa wa kuni upande huu, mbegu upande ule, mizizi ya jana na juzi pembeni ikatupwe. Nilichokipata kwa wingi ni vipande vya kokwa za mpafu, mti wa msitu mnene ambao huku kwetu hakuna anayeukumbuka, ingawa watu wa ng'ambo ya ziwa bado wanakula matunda yake. Kokwa yake ni nene, ina pembe tatu, na ikiungua hung'aa ndani kama kiatu kilichopigwa rangi. Nilianza kuwaona watu wale wakipasua kokwa kwa jiwe, wakitupa maganda motoni bila kuangalia, wakizungumza mambo yao.

Mama alikuwa akinitazama kutoka kitandani, mlango ukiwa wazi.

"Unatafuta nini humo, chawa?"

Nikamweleza, kwa mara ya kumi.

"Kumbe mtu anasoma miaka yote hiyo ili aje kuchambua uchafu wa jiko la marehemu," alisema. "La kwangu lipo hapo nje na hujalifagia."

Jiko lake lilikuwa uani, kibanda cha udongo chenye mafiga matatu. Kaka zangu walimnunulia jiko la gesi, akalifunika kwa kitambaa cha kufuma na kuweka juu yake picha za wajukuu. Alitaka kuni, na alitaka moshi, kwa sababu juu ya mafiga kulikuwa na kichanja cha miti, na juu ya kichanja kulikuwa na mbegu zake: mashuke ya ulezi yaliyofungwa mafungu mafungu, meusi kwa masizi, yakining'iniza vidole vyake juu ya moto. Kila nyumba ya kwao Butiama ilihifadhi mbegu hivyo. Moshi hufukuza wadudu, na mbegu hungoja mvua bila kuliwa. Ulezi ule aliurithi kwa mama yake, akaupanda kila mwaka hadi nyonga ilipovunjika. Tulipomhamishia Bunda karibu na hospitali aliacha godoro, akaacha kabati, akabeba mbegu. Jirani walimcheka, kwamba bibi analima hewani. Yeye alijibu kwamba anapita tu hapa. Alipita misimu mitatu, na mashuke yakaendelea kungoja pale juu.

Masika ya mwaka wa tatu yalikuja na mvua isiyojua kupumzika. Mifuko yangu ilipaswa kukauka kivulini, polepole, maana jua kali hupasua mkaa. Lakini chumbani hakuna kilichokauka. Nguo zilinuka. Siku moja nilifungua mfuko nikakuta ukungu mweupe umetanda juu ya maelfu ya miaka, nikashikwa na hofu. Nikaibeba mifuko yote hadi jikoni na kuitundika chini ya kichanja, katikati ya moshi, kama ambavyo bibi yangu angefanya na kama ambavyo mtu yeyote wa kwetu angefanya kwa kitu asichotaka kioze. Nililegeza nyuzi ili mvuke utoke. Ilikauka vizuri mno. Nilijisifu.

Mwezi wa sita, katika mfuko wa tabaka jeusi, niliona punje. Ilikuwa ndogo kuliko kichwa cha pini kubwa, mviringo, nyeusi, ngozi yake ina vipele vidogo vilivyopangwa kwa mistari. Nikapata ya pili. Mpaka jioni zilikuwa kumi na moja. Ulezi. Nililijua umbo lake kabla sijafungua kitabu cha picha alichonipa Profesa. Nikaweka simu kwenye jicho la hadubini, nikapiga picha, nikamtumia.

Hakujibu kwa saa nzima. Kisha akapiga.

Alinieleza maana yake kwa sauti ya mtu anayejizuia kukimbia. Ulezi si mmea wa msituni. Ni wa kupandwa. Kama punje zile zimelala tabaka moja na kokwa za mpafu, basi watu walilima hapa wakati msitu bado umesimama, na vitabu vyote vinavyosema msitu uliondoka kwanza ndipo jembe likaja vitahitaji ukurasa mpya. Alisema nichague punje tatu nzuri kuliko zote zipelekwe nje kupimwa umri. Majibu yangechukua miezi. Halafu akasema jambo la pili, kama mtu anayekumbuka kufunga mlango. Kiangazi kile timu yao ilikuwa inakwenda kuchimba kwenye msitu wenyewe, ng'ambo ya ziwa, miezi sita, na baada yake kulikuwa na nafasi moja ya masomo kwa atakayefanya kazi vizuri. Alitaka niende mimi.

Sijui nieleze vipi furaha ile bila kumwaibisha mama. Nilikwenda nyuma ya jiko nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikalia nikiwa nimeziba mdomo kwa kanga. Miaka mitatu nilikuwa nimepima dunia kwa hatua: kumi na nne hadi chooni nikiwa nimemshika kwapani, ishirini na mbili hadi getini, kisha kurudi. Nilimpenda, na kila asubuhi nilipoamka nilisikiliza kwanza kama anapumua, na mara moja, mara moja tu, nilisikiliza nikitumaini kitu kingine. Sasa kulikuwa na msitu wenye mlango. Mama mdogo wa Butiama akakubali kuja kukaa naye. Kwa sharti moja, akasema kwenye simu: nishushe ile mbegu ya dada yake ya jikoni, itumwe Butiama ikapandwe, maana huko ulezi wa zamani umepotea.

Ndivyo nilivyopanda juu ya kigoda asubuhi moja ya mwezi wa saba, nikashika fungu la kwanza la mashuke na kulivuta.

Punje zilinimwagikia usoni. Ziliingia kwenye nywele, shingoni, zikadunda juu ya mafiga. Mama alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti chake, fimbo magotini, akisimamia kazi.

"Polepole, we mtoto. Zinaangukaga zenyewe hata bila kuguswa. Miaka yote panya wa jiko hili wameshiba kuliko sisi."

Niliganda pale juu. Chini ya mkono wangu, kwenye kijiti cha kichanja, bado kulikuwa na uzi wa mfuko wangu mmoja, umekatika, ukiyumba.

Nilichukua punje kutoka kwenye bega langu. Nyeusi, mviringo, vipele kwa mistari.

Nilimaliza kushusha mashuke, nikayafunga kwenye kiroba, nikapika, nikamwogesha mama. Kisha nikajifungia chumbani na zile kumi na moja. Chini ya hadubini punje ya jikoni na punje ya tabaka jeusi zilifanana kabisa. Lakini masizi hupaka rangi juu tu, na nyingine huungua kweli pale moto unaporuka, kwa hiyo kufanana hakukuthibitisha chochote. Ningeweza kuibonyeza moja kwa sindano, ikiwa mkaa ingesagika kuwa unga mweusi. Sikuthubutu. Profesa alikuwa amezihesabu kwenye picha.

Mchana ule ule nilimuuliza mama, kama mtu anayeuliza tu, kama mbegu iliyokaa moshini miaka mitatu haijafa.

"Ya jikoni haifagi," alisema. "Weka kwenye kitambaa chenye maji utaona. Siku tatu."

Basi, kwa kuwa mkaa haudhuriwi na maji, nikachukua nne kati ya zile kumi na moja, nikazilaza kwenye pamba iliyoloa ndani ya kifuniko cha chupa ya asali, nikakificha chini ya kitanda.

Sijawahi kuishi siku tatu ndefu kama zile. Kila nilipoingia chumbani nilipiga magoti, na jirani akipita dirishani angedhani nasali, na kweli nilikuwa nasali: niliziombea punje nne zife. Ziwe mkaa. Ziwe zimekufa kabla ya ziwa kupata jina. Nilipiga hesabu zangu kwa makini. Hata zikiota, hakuna anayejua ila mimi; ningesema nne zimesagika. Zilibaki saba, pamoja na zile tatu za kupelekwa kupimwa. Majibu ya vipimo yangekuja miezi mingi baadaye, na mimi ningekuwa tayari msituni, na makosa hutokea kwenye maabara pia, watu husema hivyo kila siku. Mama mdogo alikuwa ameshafunga mizigo. Ningekaa kimya, na kimya changu kingenivusha ziwa.

Siku ya tatu asubuhi nilitoka kuchota maji, na niliporudi mama alikuwa ameingia chumbani kwangu kwa fimbo yake, peke yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aanguke. Alikuwa ameketi kitandani na kile kifuniko kwenye kiganja. Fimbo ilikuwa imemwanguka, akainama kuitafuta chini ya kitanda, akakiona.

"Tazama," alisema.

Punje mbili zilikuwa zimepasuka. Kila moja ilitoa ncha nyeupe, nyembamba kama uzi wa buibui, na ncha hizo zilikuwa zimeinama zote upande wa dirisha.

"Nilijua itaota. Niliwaambiaga kaka zako, wakasema nimezeeka." Alicheka, na macho yake yalikuwa na maji. "Ilinisubiri. Sasa mbona unanitazama hivyo?"

Nikakaa sakafuni nikamwambia yote. Mifuko, moshi, punje kumi na moja, nafasi ya msituni. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakunishika kichwa wala hakunibembeleza.

"Kwa hiyo ulezi wangu ndio umekufungia njia," alisema.

"Si ulezi, mama. Mimi ndiye niliyeitundika mifuko."

"Na ukinyamaza utaenda."

"Nitaenda."

Akanirudishia kile kifuniko kwa mikono miwili, kama mtu anavyokabidhi kitu kinachomwagika.

"Sitaki kusema uende wala ubaki," alisema. "Nikisema baki utadhani nimejisemea mwenyewe. Ila huo ni ulezi wa mama yangu. Usiuite wa mtu mwingine."

Kesho yake nilikwenda Musoma. Nilikishika kifuniko mapajani njia nzima, nimekifunika kwa leso yenye maji. Profesa alikuwa stooni, amezungukwa na viroba, kompyuta imefunguliwa, na kwenye kioo nikaona picha yangu ya punje, kubwa kama kichwa cha mtoto, ikiwa na kichwa cha habari juu yake. Alikuwa ameshaandika. Nikamsalimia, nikaweka kifuniko mezani, nikafunua.

Alielewa kabla sijafungua mdomo. Niliona uso wake ukilegea, kisha ukajifunga.

"Ulikaushia wapi?"

"Jikoni. Juu ya moto."

"Mifuko mingapi?"

"Yote ya masika."

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya gauni muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji. Nje, maji ya ziwa yalikuwa yakigonga lile pipa la bluu tupu. Nilingoja anigombeze, na nilitamani anigombeze, kwa sababu mtu akikugombeza kuna mwisho wake.

"Mimi nimezaliwa Murangi," alisema hatimaye. "Mama yangu alining'iniza mtama juu ya kichwa changu miaka yote ya utoto. Nilipokupa ile mifuko nilikwambia kausha kivulini. Sikukuuliza utapeleka wapi mvua ikinyesha. Ningekuwa nimetoka kwingine ningeuliza. Nilidhani najua." Akavaa miwani. "Nafasi siwezi kukupa. Unaelewa? Siwezi kumpeleka msituni mtu ambaye mifuko yake ya masika yote imeharibika. Watauliza."

Nikasema naelewa. Alifuta kile kichwa cha habari mbele yangu, herufi moja moja, akirudi nyuma, mpaka ukurasa ukabaki na picha tu. Baadaye akaifuta na picha.

Akaenda kijana mwingine, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, mpole, ambaye hata leo siwezi kumchukia. Alinitumia picha amesimama chini ya mpafu wenyewe, mti mzima, hai, shina lake nene kuliko kibanda cha jiko letu, na yeye amefungua mikono akijaribu kuukumbatia. Niliiangalia mara nyingi. Kokwa za mpafu kwenye tabaka jeusi zilibaki za kweli, Profesa alisema. Ni kubwa mno kudondoka kutoka kwenye kichanja cha mama yangu. Watu wale walikuwepo, msitu ulikuwepo, walikula, walitupa maganda motoni. Hayo hatukuyaharibu.

Mama mdogo hakuja, kwa kuwa sikuondoka. Alimtuma mtu kuchukua kiroba cha mbegu, na mama akatoa nusu tu. Nusu nyingine akataka nimrudishie juu ya mafiga.

Mwezi wa tisa Profesa alinipigia. Alikuwa na kazi, kama bado naitaka. Alitaka nishone mifuko ishirini ya kitambaa kile kile cha pazia, niijaze mchanga safi wa ziwa uliochemshwa, usio na kitu chochote ndani yake, niitundike kwa zamu chini ya kichanja kwa nyuzi zilizolegea, na kila mwezi nishushe mmoja, nihesabu kilichoingia na kutundika mwingine mahali pake. Kama tungejua jiko moja linadondosha nini kwa mwaka mzima, alisema, tungejua cha kutoa na cha kubakiza kwenye mifuko yote ya masika. Huenda isingetupwa yote. Huenda. Alilisema neno hilo mara mbili ili nisije nikalibeba kuliko uzito wake.

Kwa hiyo hii ndiyo kazi yangu sasa. Nakaa mbele ya dirisha linalotazama ukuta, namwaga mchanga mtupu kwenye kisahani cheupe, natafuta jiko la mama yangu kwa brashi ya wanja. Masizi, bawa la nzi, unywele wake mmoja mweupe, punje. Naandika kila kitu.

"Umepata nini leo?" aliniuliza jana kutoka mlangoni. Sasa anafika hadi pale mwenyewe, na fimbo, akisimama kila baada ya hatua tatu.

"Ulezi wako. Punje sita."

"Ukimaliza kuzihesabu, rudisha."

Nikazihesabu tena, nikaandika sita, nikazifunga kwenye karatasi pamoja na zile za mwezi uliopita. Kisha nikaufunga mfuko unaofuata kwa uzi uliolegea, nikaupeleka jikoni, nikapanda juu ya kigoda.